Kuchora Mnyama kwa Miraba

Mwanamke atungaye shanga hana brashi wala wino, lakini aweza kufanya nakshi za kupendeza sana. Huanza na ushanga mmoja mweupe, hufuatisha mwekundu, kisha mweusi, na kila mmoja huwekwa mahali pake kwa hesabu. Ushanga mmoja peke yake haufanani na ua, wala na nyota, wala na ndege. Lakini shanga zote zikiisha kupangwa, mtu aliye mbali huiona sura, asizione tena shanga zenyewe. Msuka mikeka naye hufanya vivyo hivyo kwa ukili uliotiwa rangi. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

Picha zionekanazo katika kioo cha kompyuta au cha simu zimefanyizwa kwa njia hiyo hiyo. Picha yo yote iliyopigwa kwa simu, ikikuzwa sana, yaonekana kuwa ni miraba midogo iliyopangwa safu kwa safu, kama miraba ya daftari la hesabu. Mraba mmoja huitwa pikseli, na kila pikseli ina rangi moja tu. Humo hamna mstari uliopinda wala duara; mna miraba tu. Kupinda kwa shingo ya twiga na kuviringana kwa jicho la bundi ni kazi ya miraba iliyowekwa mahali pake.

Jambo hili si la zamani sana. Mwaka 1957 mtaalamu mmoja Mmarekani, jina lake Russell Kirsch, pamoja na wenzake, alitengeneza chombo cha kuiwezesha kompyuta kusoma picha. Akatwaa picha ya mtoto wake mchanga, mwenye umri wa miezi mitatu. Picha yenyewe ilikuwa ndogo, yapata sentimeta 5 kila upande. Chombo kikaigawanya kuwa miraba 176 kwa 176, yaani miraba 30,976 kwa jumla. Miraba hiyo ilikuwa michache na mikubwa kwa kulinganisha na ya leo, lakini uso wa mtoto ulitambulikana. Hiyo ndiyo picha ya kwanza ya kamera iliyopata kugeuzwa kuwa miraba ndani ya kompyuta.

Siku hizi picha moja ya simu ina mamilioni ya miraba, hata jicho haliwezi kuitambua. Lakini wako wachoraji waliopenda kurudi kwenye miraba michache. Huchora ndege, samaki, simba na chui kwa miraba mia kadhaa au elfu chache, na kila mraba wameuweka wenyewe kwa kuufikiri. Hawaifichi miraba yao. Mtu akisogea karibu aiona yote. Kazi yao huitwa sanaa ya pikseli.

Hapo pana swali. Mtu awezaje kumchora mnyama kwa miraba michache hivyo, naye akaonekana kuwa mnyama wa kweli? Wengi hudhani kwamba jibu ni wepesi wa mkono. Sivyo. Mkono hauna kazi kubwa hapa, maana hata mtoto mdogo aweza kujaza mraba kwa rangi. Kazi yote ni ya macho. Mchoraji mwenye nafasi kubwa aweza kuchora manyoya elfu asiyoyaangalia sana, na watu wakamsifu. Mchoraji mwenye miraba michache hana nafasi ya kupoteza. Hana budi kujua ni kitu gani hasa kinachomfanya chui kuwa chui, asiwe paka.

Sanaa hii haihitaji mtu awe na kompyuta. Karatasi yenye miraba na penseli za rangi zatosha. Ndivyo alivyofanya Susan Kare, mchoraji wa Marekani aliyetengeneza alama ndogo za kompyuta iitwayo Macintosh, iliyotolewa na kampuni ya Apple mwaka 1984. Kare alikuwa amesomea sanaa, wala hakuwa fundi wa kompyuta. Alipoanza kazi alinunua daftari lenye miraba, akapima miraba 32 kwa 32, akaanza kujaza kwa mkono. Kila alama ilikuwa na miraba 1,024, na kila mraba ulikuwa mweusi au mweupe, hapana rangi nyingine. Daftari hilo leo limewekwa katika jumba la makumbusho la sanaa mjini New York.

Katika picha ndogo alizochora Kare mlikuwa na mnyama mmoja mwenye madoa. Yeye alikusudia kuchora mbwa. Lakini watu walipomtazama, wengine walisema ni mbwa, wengine wakasema ni ng'ombe, wala hawakuweza kukata shauri. Basi wakampa jina la Mbwa-ng'ombe, na sauti yake wakasema ni nusu kubweka na nusu kulia kama ng'ombe. Mnyama huyo alipendwa sana na watumiaji wa kompyuta zile. Hata hivyo yeye ni fundisho kwa mchoraji ye yote. Madoa yako kwa mbwa, yako na kwa ng'ombe. Alama iliyo ya wanyama wawili haimtambulishi hata mmoja.

Kwa sababu hiyo mchoraji atakaye kumchora mnyama wa kweli hufanya kazi kwa kufuata picha iliyopigwa kwa kamera. Mtu akichora kwa kukumbuka tu, huchora mambo anayoyadhani, wala si yale yaliyopo. Jambo hili lilithibitishwa zamani. Kwa miaka mingi wachoraji wa Ulaya walikuwa wakimchora farasi apigaye mbio na miguu yote minne imenyoshwa, miwili mbele na miwili nyuma, naye yu hewani. Watu waliwaona farasi kila siku, wala hawakushuku. Mwaka 1878, huko Palo Alto, California, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera nyingi kwa safu, akazipiga picha hatua za farasi apitaye mbio. Picha zikaonyesha kweli ya kuwa farasi huwa hewani, miguu yote imeacha ardhi. Lakini huwa hivyo wakati miguu imekunjwa chini ya tumbo, si wakati imenyoshwa. Macho ya watu wengi, kwa miaka mingi, yalikuwa yamedanganyika.

Pengine mtu atauliza, kama picha ya kamera yasema kweli, kwa nini kompyuta isiachiwe kuipunguza yenyewe? Kompyuta yaweza kufanya hivyo mara moja, bila kuchoka. Lakini katika kupunguza, huchukua miraba mingi ya picha kubwa na kuichanganya kuwa mraba mmoja, kama mtu amiminaye maziwa na chai katika kikombe kimoja. Mlia mweusi na mlia mweupe ukiingia katika mraba mmoja, hutoka kijivu. Pundamilia huingia, punda hutoka. Jicho nalo, kwa kuwa ni dogo, humezwa na rangi ya uso. Kompyuta haikosi hesabu, lakini haijui kwamba jicho lina thamani kuliko kipande cha tumbo chenye ukubwa ule ule. Mchoraji ajua.

Pundamilia ni mfano mwema wa kazi hii. Lugha ya Kiswahili yenyewe imemwita kwa alama yake, yaani punda mwenye milia. Lakini kusema milia tu hakutoshi, maana Afrika ya Mashariki ina pundamilia wa aina mbili. Aina ya kwanza ni pundamilia wa nyikani, aonekanaye kwa wingi Serengeti. Milia yake ni mipana, na huteremka ubavuni hata ikakutana chini ya tumbo. Aina ya pili ni pundamilia wa Grévy, akaaye kaskazini ya Kenya na sehemu za Ethiopia. Jina hilo latokana na Jules Grévy, aliyekuwa rais wa Ufaransa, ambaye mwaka 1882 aliletewa mnyama huyo kuwa zawadi kutoka Uhabeshi. Huyu ni mkubwa kuliko mwenziwe. Masikio yake ni makubwa ya mviringo, milia yake ni myembamba na imekaribiana, na tumbo lake ni jeupe lisilo na milia. Mchoraji atakaye kumchora pundamilia wa Grévy, watu wasimdhani kuwa ni yule wa Serengeti, ana mambo matatu ya kuyashika: masikio, wembamba wa milia, na tumbo jeupe. Mambo hayo yakipotea, picha imekuwa Mbwa-ng'ombe.

Kazi yenyewe huendelea kwa utaratibu, hatua kwa hatua.

Jambo la kwanza ni kuchagua picha ya kamera. Picha nzuri kwa macho si lazima iwe nzuri kwa kazi. Yafaa mnyama aonekane ubavuni, miguu yote minne iwe wazi, masikio yasifunikwe na matawi, na jua liwe la asubuhi au la jioni. Jua la saa sita lamulika mgongo tu na kuuacha uso gizani. Ni vema kuwa na picha mbili au tatu za mnyama yule yule, ili jambo lisiloonekana katika moja lionekane katika nyingine. Tena picha ni mali ya mtu aliyeipiga. Mchoraji mwaminifu hutumia picha aliyoipiga mwenyewe, au huomba ruhusa kwa mwenyewe.

Jambo la pili ni kuchagua ukubwa. Miraba 16 kwa 16 ni 256 tu. Hiyo yatosha kuonyesha kwamba huyu ni mnyama mwenye milia, basi. Miraba 32 kwa 32 yaweza kuonyesha umbo la kichwa. Mathalani mchoraji amechagua miraba 53 kwa 53, yaani miraba 2,809. Hesabu hiyo ni ya ajabu kidogo, na maana yake itaonekana mwishoni.

Jambo la tatu ni kupima. Mtu asiyepima hukuza kichwa, kwa kuwa moyo wake wapenda uso, kisha hukosa nafasi ya miguu. Dawa yake ni hesabu ya uwiano. Ikiwa katika picha ya kamera kichwa kina sentimeta 5, na mwili tangu kifuani hata matakoni una sentimeta 12, naye mchoraji amekipa kichwa miraba 10, basi mwili hauna budi kupata miraba 24. Vivyo hivyo hupima urefu wa miguu, na mahali pa magoti, na umbali toka sikio hata pua. Vipimo hivi huandikwa pembeni kabla ya kujaza mraba hata mmoja.

Jambo la nne ni umbo tupu. Mchoraji humjaza mnyama wote kwa rangi moja, kama kivuli kilichoangukia ukutani. Hapana milia, hapana jicho. Kisha huitazama. Kama kivuli hicho hakimwonyeshi pundamilia, milia haitakiponya. Hapa ndipo masikio ya mviringo hupata mahali pao, na singa fupi zilizosimama shingoni, na tumbo la duara, na mkia wenye kishungi.

Mgongo na shingo vimepinda, lakini miraba haipindi. Basi mpindo hufanywa kwa ngazi, na uzuri wake hutegemea urefu wa vipandio. Safu ya miraba 6, kisha 4, kisha 3, kisha 2, kisha 1, hushuka taratibu, na jicho la mtu huona mpindo laini. Lakini safu ya 4, kisha 1, kisha 5, kisha 1, ni kama njia yenye mashimo. Jicho hujikwaa kila mahali. Mahali pengine mchoraji huweka mraba wa rangi ya kati, si nyeusi wala si nyeupe, penye pembe ya ngazi, ili ukali wake upungue. Lakini miraba hiyo huwekwa kwa uchache, maana ikizidi, mnyama huonekana kama yu ndani ya ukungu.

Jambo la tano ni milia yenyewe, nayo ndiyo hatua ngumu kuliko zote. Mwili una miraba 24. Mlia mweusi wataka mraba mmoja kwa uchache, na nafasi nyeupe baina yake na mwenziwe yataka mraba mmoja. Kwa hiyo milia myeusi haiwezi kuzidi 12, hata mchoraji afanye nini. Katika picha ya kamera milia ni mingi zaidi, na mchoraji akijaribu kuiingiza yote atapata kijivu, sawasawa na kompyuta. Hana budi kuiacha mingine. Je, amesema uongo? Hapana, kama ameshika jambo lililo la kweli zaidi ya hesabu. Pundamilia wa Grévy humpa milia ya mraba mmoja mmoja, hupata milia 12 myembamba. Pundamilia wa nyikani, mwenye mwili wa miraba 24 vile vile, humpa miraba miwili myeusi na miwili myeupe, hupata milia 6 mipana. Hapana hata mmoja wa hao wawili aliye na hesabu kamili ya milia yake, lakini akiwekwa huyu kando ya huyu, kila mtu ajua yupi ni yupi.

Tena milia ina mwendo wake. Shingoni na ubavuni husimama wima. Miguuni hulala kama pete. Kwenye mapaja hupinda, ikizunguka kufuata unene wa nyama. Mwanafunzi asiyetazama huchora milia yote wima kama fito za ua, na mnyama wake huwa bapa kama ubao. Mlia unaopinda ni habari ya nyama iliyo chini yake. Ndiyo maana mchoraji hufuata kila mlia katika picha kwa ncha ya kidole, toka mgongoni hata tumboni, kabla ya kuamua upi abakize na upi auache.

Jambo la sita ni rangi na mwanga. Mtu akiulizwa rangi za pundamilia atajibu mara moja, nyeusi na nyeupe. Picha ya kamera yakataa. Nyeupe iliyo mgongoni penye jua la asubuhi ni kama samli. Nyeupe ya tumboni, iliyo kivulini, ni kijivu chenye kuelekea buluu kidogo. Nyeusi iliyopigwa na jua hufanana na kahawa, na nyeusi ya kivulini ndiyo nyeusi kweli kweli. Mwanafunzi atakayelipa tumbo la pundamilia wa Grévy nyeupe safi, kwa kuwa amesoma kwamba tumbo lake ni jeupe, atamharibu mnyama. Tumbo litang'aa kuliko mgongo, kana kwamba jua latoka chini ya ardhi.

Wachoraji wa miraba hujiwekea mpaka wa rangi. Kwa mnyama huyu rangi nane zatosha: nyeusi ya kivulini, nyeusi ya juani, nyeupe ya juani, nyeupe ya kivulini, rangi ya kati ya kulainisha ngazi, hudhurungi ya pua, rangi ya majani makavu, na rangi ya kivuli cha chini. Rangi zikiwa chache, kila moja huwa na kazi yake, wala picha haiwi kama kitambaa cha viraka. Mahali panapotakiwa kuonyesha manyoya yasiyo laini, mchoraji hupanga miraba ya rangi mbili kwa kupishana, kama ubao wa drafti. Kwa mbali rangi hizo mbili huonekana kuwa ya tatu.

Jambo la saba ni jicho. Mara nyingi huwa miraba miwili au mitatu tu, lakini ikikosewa, kazi yote imepotea. Mboni ni mraba mweusi. Juu yake, upande utokao jua, huwekwa mraba mmoja mweupe kabisa, nao ni mng'ao wa mwanga. Mraba huo mmoja ndio umtiao mnyama uhai. Ukiondolewa, mnyama huonekana kama aliyejazwa majani makavu. Tena jicho la pundamilia halikai mbele ya uso kama la mtu. Liko upande, juu, mbali na pua. Wanafunzi wengi hulishusha, kwa sababu wamezoea nyuso za watu.

Baada ya hayo mchoraji huijaribu kazi yake. Huiweka picha ukutani, akarudi nyuma hatua kumi, akafumba macho nusu. Kilichokuwa kibaya hujitokeza chenyewe. Kisha humwita mtu asiyeambiwa neno, akamwuliza, "Huyu ni mnyama gani?" Akijibu, "Punda," milia haikusimama. Akijibu, "Pundamilia," kazi imefaa. Lakini akijibu, "Pundamilia wa kaskazini, mwenye masikio makubwa," mchoraji ameshinda.

Sasa ni wakati wa kueleza hesabu ile ya miraba 53 kwa 53.

Milia ya pundamilia haifanani kwa wanyama wawili. Kila mmoja ana yake, kama alama za vidole vya mtu. Kwa sababu hiyo wataalamu waligundua njia ya kuwahesabu bila ya kuwakamata. Mwezi wa Januari 2018, kwa siku mbili, watu wengi, wataalamu na raia wa kawaida, walizunguka nyika za kaskazini ya Kenya wakiwa na kamera. Kila pundamilia wa Grévy waliyemwona walimpiga picha ubavu wa kuume. Picha zote zikatiwa katika kompyuta, nayo ikailinganisha milia mmoja mmoja, ili mnyama aliyepigwa picha mara tatu asihesabiwe kuwa watatu. Hesabu iliyotoka ilikisia kwamba Kenya ilikuwa na pundamilia wa Grévy 2,812. Na Kenya ndiyo nchi yenye wengi wao kuliko nchi nyingine zote.

Miraba 53 kwa 53 ni 2,809. Yaani mchoraji angempa kila pundamilia mmoja mraba mmoja, wangetosha kujaza picha ile ndogo, na watatu wangebaki nje. Picha moja ya simu ina mamilioni ya miraba. Pundamilia wa Grévy wote wa Kenya wa mwaka ule wasingejaza hata pembe yake.

Jambo hili watu wengine walikwisha kulifikiri. Mwaka 2008 shirika la kuhifadhi wanyama liitwalo WWF, tawi la Japani, lilitoa picha za wanyama walio katika hatari ya kwisha. Kila picha ilifanywa kwa miraba iliyo sawa na idadi ya wanyama wa aina ile waliosalia. Mnyama aliyebaki na wengi alionekana wazi. Mnyama aliyebaki na wachache alionekana kama doa, na mtazamaji alilazimika kurudi nyuma na kukaza macho ili amtambue. Picha hizo hazikuwa na maneno mengi, wala hazikuyahitaji.

Katika Kaunti ya Laikipia, Kenya, katika hifadhi ya Ol Pejeta, aliishi kifaru mweupe wa kaskazini aliyeitwa Sudan. Alikuwa dume la mwisho la aina yake. Alikufa mwezi wa Machi 2018, miezi miwili tu baada ya pundamilia kuhesabiwa. Wakabaki wawili duniani kote, nao ni majike: Najin, aliyekuwa binti yake, na Fatu, aliyekuwa mjukuu wake. Mchoraji akitaka kuwachora vifaru weupe wa kaskazini kwa hesabu ile, ana miraba miwili. Miraba miwili haitoshi kuchora pembe, wala sikio, wala jicho pamoja na mng'ao wake.

MASWALI

1. Kwa nini mnyama aliyechorwa na Susan Kare aliitwa Mbwa-ng'ombe?
2. Picha za Eadweard Muybridge za mwaka 1878 zilisahihisha kosa gani la wachoraji?
3. Picha yenye miraba 64 kila upande ina miraba mingapi kwa jumla?
4. Katika picha ya kamera kichwa cha mnyama kina sentimeta 4 na mguu una sentimeta 7. Kichwa kikipewa miraba 12, mguu utapata miraba mingapi?
5. Taja mambo matatu yanayomtofautisha pundamilia wa Grévy na pundamilia wa nyikani.
6. Chagua mnyama mmoja wa kwenu. Mtazame vizuri, kisha andika mambo matatu ambayo yakiachwa katika picha, watu watamdhani kuwa ni mnyama mwingine.